Kikaushio cha duara, cha sanduku au cha jua: kipi kinafaa nyumba ya Nairobi?

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alinijia Jumapili moja na simu mkononi, picha mbili zimefunguliwa. Moja ni mashine ya duara ya plastiki, trei tano zimepangwa kama sahani za kuoshwa. Nyingine ni sanduku la chuma lenye mlango, ukiliona unadhani ni oveni ndogo. Bei ya sanduku ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya duara.

"Dada, niambie ukweli," akasema. "Hiyo tofauti ya pesa inaenda wapi?"

Nilimwambia aketi, maana jibu halikuwa fupi. Nimekausha vyakula nyumbani miaka kadhaa sasa, nikianzia juu ya paa la ploti na gunia, nikapitia sanduku la sola nililotengenezewa na fundi wa jua kali Kamukunji, kisha mashine za stima. Zote zinafanya kazi ile ile: kupitisha hewa yenye joto kiasi juu ya chakula hadi maji yatoke. Zinapotofautiana ni hewa inapita wapi, joto linashikiliwa vipi, na mashine inafanya nini stima ikipotea. Kwa mji huu, hilo la mwisho lina uzito kuliko maduka yanavyotaka ujue.

Lakini kwanza niondoe swali ambalo halikosi. Si jua ni la bure?

Ni la bure, ndiyo, ila jua la Nairobi ni la kuota mgongo. Matunda ya kuanika wazi yanataka hewa yenye joto lisilopungua nyuzi 30, unyevu wa hewa chini ya asilimia 60, na siku kadhaa za namna hiyo zikifuatana. Sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Februari, mwezi wenye joto, mchana hufika nyuzi 26 au 27 hivi. Julai ni 21 au 22, na wingu limetanda tangu asubuhi. Usiku unyevu unarudi, na kipande cha embe kilichokuwa kimeanza kukakamaa kinalegea upya. Shangazi yangu wa Kitui hutandaza majani ya kunde juu ya gunia na baada ya siku mbili anayafunga. Mimi nilitandaza nanasi juu ya paa mwezi wa Juni. Siku ya nne lilikuwa limeota ukungu wa kijivu, na kunguru walikuwa wameshachagua vipande vizuri. Ongeza vumbi la barabara na moshi wa matatu.

Majani ndiyo pekee yanayosamehe. Managu, kunde, terere, hata dania na rosemari, hukauka penye kivuli na upepo, na kivuli kina faida: mwanga mkali huharibu beta-karotini, ile ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Ukikausha mboga za majani tu, na una balkoni yenye upepo, Januari hadi mapema Machi huhitaji mashine yoyote. Shuka safi na wavu wa kuzuia nzi vinatosha.

Kikaushio cha sola ni hatua moja mbele ya gunia. Sanduku lenye sakafu iliyopakwa rangi nyeusi, kifuniko cha kioo au plastiki, matundu chini ya kuingiza hewa baridi na matundu juu ya kutoa hewa yenye unyevu. Joto la ndani linaweza kupita la nje kwa nyuzi 10 hadi 20, na hapo hata jua letu la Februari linafaa kitu. Aina bora zaidi huwa na sehemu mbili: paneli ya kupasha hewa, na kabati la giza ambamo chakula kinakaa. Rangi ya mboga hubaki, kwa kuwa haipigwi na mwanga. Plastiki iwe ile ya kujengea grinihausi, iliyotiwa dawa ya kustahimili jua. Ile ya kawaida inaanza kupasuka baada ya miezi michache.

Fundi wangu alitaka kuweka wavu wa mabati kwenye trei.

"Mama, hii haina kutu. Utaitumia mpaka uchoke."

"Fundi, nitaweka nyanya hapo. Asidi ya nyanya itakula hiyo zinki."

Alinitazama kama ninayemsumbua bure, lakini nilikuwa na sababu. Wavu uliopakwa zinki haufai kugusana na chakula chenye asidi, na karibu matunda yote yana asidi. Sema unataka wavu wa stenlesi, au wa plastiki inayofaa chakula. Utalipa zaidi, na fundi atanung'unika.

Sola inashinda kwa gharama ya kuendesha: sifuri. Inashindwa kwa kila kitu kingine ikiwa unaishi kwenye fleti. Unahitaji paa ambalo keateka hajalifunga na majirani hawalitumii kuanikia nguo, na unahitaji mtu wa kukimbia juu mvua ikinyesha. Kati ya Machi na Mei sanduku langu la sola lilikuwa kabati la kuhifadhia vikapu. Sasa liko shambani kwa mama, ambako ndiko lilistahili kuwa tangu mwanzo.

Kuhusu oveni nitasema machache. Inawezekana, mlango ukiachwa wazi kidogo na feni ikielekezwa pale, lakini oveni nyingi za majiko yetu haziteremki hadi nyuzi 55, na hazina upepo wa kutosha, hivyo kazi huchukua mara mbili ya muda wa mashine au zaidi. Fanya hesabu: oveni ya wati 2,000, tuseme inawaka theluthi ya muda kwa saa 15. Hizo ni uniti 10 za tokeni. Kwa shilingi 30 kwa uniti, umetumia 300 kukausha maembe ya mia mbili. Zile mashine za kukaangia kwa hewa zenye kitufe cha kukausha ni nzuri kwa kujaribu, mradi usitarajie zaidi ya konzi mbili za chakula kwa mara moja.

Sasa zile mbili za kwenye simu ya jirani.

Mashine ya duara ina feni na waya wa joto chini (nyingine juu), na hewa hupanda kupitia trei moja baada ya nyingine. Trei ya kwanza inapata hewa kavu yenye joto. Ya tano inapata hewa iliyokwisha kubeba maji ya nne zilizotangulia. Kwa hiyo lazima uzibadilishe nafasi, chini kwenda juu, kila saa mbili au tatu, la sivyo chini unapata kuni na juu unapata uji. Nyanya zikiwa na maji mengi hudondoka hadi kwenye feni ya chini, na kusafisha pale ni kazi ya mswaki na subira. Katikati kuna tundu, kwa hiyo ukitaka kutandaza embe lililosagwa likauke liwe utando wa kukunja, unahitaji trei maalumu, la sivyo litamwagika kupitia tundu hilo.

Ubaya umeisha hapo. Ni nyepesi, inakaa juu ya friji, inakula wati 250 hivi, na ukiwa na kazi ndogo unatoa trei mbili na kuendelea na tatu. Kwa majani, dania, pilipili, vitunguu, inafanya kazi sawasawa na lile sanduku la bei ya juu. Mtu anayekwambia vinginevyo ana sanduku la kuuza.

Sanduku lina feni nyuma, na hewa inapita kwa mlalo juu ya kila trei kwa wakati mmoja. Ukaukaji unalingana zaidi. Mimi hugeuza trei mara moja tu, katikati ya safari, kwa sababu upande ulio karibu na feni hutangulia kidogo. Ukitoa trei mbili unapata nafasi ya kuweka bakuli la unga wa mkate uumuke, au mitungi ya mtindi, kwa kuwa thamostati, yaani kidhibiti cha joto, inaweza kushikilia nyuzi 40 na kitu. Trei zake ni za mraba, hazina tundu. Nilipima: trei tano za duara zilichukua kilo moja na robo ya embe lililokatwa, na trei sita za sanduku zikachukua kilo mbili na zaidi. Kilo moja ya nyama ya embe hubaki gramu 150 hadi 200 ikikauka. Kwa anayetaka kuuza pakiti kwa wafanyakazi wenzake ofisini, tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Sanduku lina kelele, na hilo wauzaji hawalitaji. Kwenye bedsita, feni ya mashine ya wati 500 ikivuma kwa saa kumi usiku kucha, utaota uko ndani ya ndege. Na ni zito. Likishapata mahali, litakaa hapo.

Gharama ya stima? Duara kwa saa 10 haizidi uniti mbili na nusu, kama shilingi 75 kwa hesabu yetu ya 30. Sanduku la wati 500 haliwezi kuzidi uniti tano, shilingi 150, na kwa kuwa thamostati inazima na kuwasha, huwa chini ya hapo. Ukigawanya kwa kilo, hazipishani sana. Ila kama uko kwenye nyumba ambazo stima imo ndani ya kodi, zungumza na keateka mapema, kabla hajaanza kujiuliza ni mlango gani unaokula stima usiku.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopotezea pesa. Sanduku langu la kwanza lilikuwa la kidijitali: kioo cha bluu, vitufe vya kugusa, saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Nililiwekea nanasi saa tatu usiku, nyuzi 57, likauke kwa muda wa saa kumi. Saa saba usiku stima ikapotea kwa dakika ishirini hivi, ikarudi. Mashine haikurudi. Nyingi za kidijitali zikikatiwa stima husahau kila kitu na kusubiri ubonyeze upya, na mimi nilikuwa nimelala. Asubuhi nilifungua mlango nikapokelewa na harufu ya busaa. Nanasi lilikuwa limekaa saa tano likiwa vuguvugu, nusu bichi, na lilikuwa limeanza kuchachuka. Yote yalienda kwa kuku wa mama.

Mashine ya kinobu cha kuzungusha, ile inayodharauliwa dukani, stima ikirudi inaendelea yenyewe. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya sanduku la kioo cha bluu na sanduku la vinobu viwili, kimoja cha joto na kimoja cha saa, chukua vinobu. Ukikuta ya kidijitali tu, mwombe muuzaji aiwashe, achomoe plagi, airudishe, uone kama itaendelea. Kwenye maduka ya vifaa vya stima ya Luthuli watakuchomolea bila neno. Ukinunua mtandaoni, uliza kabla ya kulipa.

Na uiangalie ile karatasi ya nyuma inayoonyesha volti. Shemeji yangu alirudi kutoka Marekani na mashine nzuri ya duara kwenye sanduku, zawadi, adapta ya plagi imo. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti. Waya wa joto uliotengenezwa kwa volti 120 ukipewa 240 zetu hula nguvu mara nne ya ile uliyokusudiwa. Ilifanya kazi kwa muda wa kusema "asante shemeji", kisha moshi. Kuna transfoma za kushusha volti, lakini inayoweza kubeba wati hizo kwa saa kumi ni nzito na si ya bei rahisi, na ukijumlisha ungenunua mashine ya hapa. Vitu vya mtumba vya Uingereza havina shida hiyo, volti na plagi ni kama zetu.

Jambo la tatu la kutazama ni thamostati. Zile za duara za bei ya chini kabisa hazina: ni kuwasha na kuzima, joto inajichagulia. Dania inataka nyuzi 35 hadi 40, la sivyo harufu yote inaenda hewani na unabaki na nyasi. Mboga 50 hadi 55, matunda 57 hivi. Nyama inataka 70. Mashine isiyo na kinobu cha joto itaunguza dania na haitafaa nyama. Kupandisha joto ili kazi iishe haraka hakusaidii: nje hukauka ikawa gamba, maji yanafungiwa ndani, na baada ya wiki mbili unakuta ukungu katikati ya kipande ulichodhani ni kikavu.

Nyama nitaiweka pembeni kwa sababu ndiyo inayoweza kukulaza hospitali. Hewa ya mashine ni ya joto, lakini nyama mbichi, kadiri inavyotoa maji, hubaki baridi kuliko hewa hiyo kwa saa nyingi, na bakteria wanapata nafasi. Kwa hiyo ipikwe kwanza. Mimi hukata nyama isiyo na mafuta vipande vyembamba, naichemsha dakika tano kwenye viungo vyake hadi ndani ipite nyuzi 71, ndipo inaingia kwenye trei. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, lakini hiyo bado inatosha. Mafuta yatolewe yote, maana hayakauki, huchacha. Ndiyo sababu pia parachichi halifai kukaushwa, hata likiwa bei ya bure Murang'a. Nyirinyiri, ile nyama ya Kisomali ya Eastleigh, ni habari nyingine kabisa: ile hukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, na ni tamu kuliko chochote kitakachotoka kwenye sanduku langu.

Ukishapata mashine, iwe ipi, kisu chako ndicho kitakachoamua. Chukua embe la apple au ngowe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Ya kienyeji yenye nyuzi yanakauka yakawa kamba. Menya, simamisha embe, kata mashavu mawili kando ya kokwa, kisha kila shavu vipande vya milimita 6, pungufu kidogo ya unene wa penseli. Vyote viwe sawa. Kipande cha milimita 4 na cha 9 kwenye trei moja ni ugomvi wa saa nne. Hasa ndizi na tufaha, vichovye dakika chache kwenye maji ya limau yaliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya kawaida, visigeuke kahawia. Panga visigusane. Mboga kama sukuma na karoti zipite kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu kwanza, zichujwe, zikaushwe kwa kitambaa. Rangi hukaa na baadaye hulainika haraka kwenye sufuria. Kitunguu na dania hazihitaji.

Embe limekauka ukikunja kipande kikakunjika bila kuvunjika, na ukikikata katikati na kukibana hakitoi unyevu. Kiache kipoe kwanza, kwani cha moto hudanganya, kinaonekana laini kuliko kilivyo. Jani liwe linavunjika kama karatasi kavu. Kisha hatua ambayo wengi huiruka: jaza chupa ya kioo theluthi mbili tu, funga, itikise kila siku kwa wiki moja. Unyevu uliobaki unagawanyika kati ya vipande. Ukiona tone la maji ndani ya kioo, chakula kirudi kwenye mashine siku hiyo hiyo. Kilichokaushwa juani kikae friza siku mbili kabla ya kabati, kuua mayai ya wadudu. Na kabati liwe la giza.

Jirani alisikiliza yote haya akiwa ameshika kikombe kilichopoa. Nilimuuliza anataka kukausha nini hasa. Managu, akasema, na dania, na nyanya zikiwa nyingi, ampelekee binti yake aliye chuo Eldoret. Nyama? Hapana. Maembe ya kuuza? Angepata wapi muda.

Basi pesa za sanduku alibaki nazo. Alinunua ya duara, yenye kinobu cha joto, na mara tatu za kwanza alinipigia simu kuuliza kama amebadilisha trei ipasavyo. Wiki iliyopita alinipandishia chupa ya managu, amefurahi kweli, kijani chake bado kizuri. Nikaielekeza dirishani. Ndani ya kioo, chini tu ya kifuniko, palikuwa na tone moja la maji. Tulishuka naye, tukayarudisha yote kwenye trei.